Unga Usoni

Mchezo ule tuliutunga sisi wenyewe. Tunalisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba tumeketi juu ya mlima hapa Litembo kuwahukumu watu wa mbali. Ulikuwa mchezo wa mahafali, wa kuwaaga vijana wa kidato cha nne katika shule mojawapo ya milima hii ya Umatengo, na ulihusu mkulima wa kahawa na mfanyabiashara mlaghai aliyechezea mizani. Mfanyabiashara huyo tulimfanya Mhindi. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kijana aliyeteuliwa alipakwa unga wa sembe usoni hadi masikioni, akafungwa mto tumboni, akafundishwa kusema “veve” badala ya “wewe” na kuvuruga ngeli zile zile ambazo asubuhi ya siku hiyo tulikuwa tumemsahihishia katika daftari. Alipotokea tu, kabla hajasema neno, wazazi walicheka hadi wengine wakashika mbavu.

Mstari wa mbele aliketi mgeni, mzee wa makamo, Mtanzania mwenye asili ya Kihindi aliyekuwa amefika Litembo kikazi. Naye alicheka, au ndivyo tulivyoona kutoka pembeni mwa jukwaa. Baada ya chai alitufuata. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akasema kwa Kiswahili ambacho wengi wetu tungekionea wivu: “Walimu wangu, mimi nimezaliwa Songea, na marehemu baba yangu alizaliwa Songea. Yule bwana wa jukwaani ni mtu wa wapi?”

Tulimjibu kwamba ni mchezo tu. Hilo neno “mchezo tu” ndilo tunalokusudia kulipiga vita katika insha hii, kwa sababu tumegundua kwamba limesemwa kabla yetu na watu wenye nguvu kuliko sisi, na kwamba limewafungia watu wengi milango.

Unga ule haukutoka katika stoo ya shule peke yake. Una historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imo katika senema za Marekani na Uingereza. Mwaka 1937 ilitolewa filamu iitwayo The Good Earth, hadithi ya wakulima wa China. Wakati huo alikuwapo Hollywood Anna May Wong, mzaliwa wa Los Angeles mwenye asili ya Kichina, mwigizaji stadi aliyekwisha kujulikana Marekani na Ulaya. Sehemu ya mke wa mkulima hakupewa yeye. Alipewa Luise Rainer, Mzungu mzaliwa wa Ujerumani, na sehemu ya mume akapewa Paul Muni, naye Mzungu aliyetengenezwa uso ili aonekane Mchina. Rainer akatunukiwa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Wala tusidhani kwamba hayo yalikuwa mambo ya ladha ya mwongozaji tu. Wenye studio walijiwekea kanuni za maadili mwaka 1930, wakazikaza tangu 1934, na miongoni mwa yaliyokatazwa ni mapenzi ya watu wa rangi mbalimbali. Kanuni hizo zilitumika dhidi ya Waasia pia. Maadamu mume alikuwa Mzungu aliyepakwa rangi, mke hakuweza kuwa Mchina halisi. Kwa maneno mengine, Mchina wa bandia alimfungia mlango Mchina wa kweli, kisha watu wakaambiwa kwamba waigizaji wa Kichina hawapatikani.

Orodha ya mambo ya namna hii ni ndefu, nasi hatutaki kumchosha msomaji. Itoshe kusema kwamba mwaka 1956 John Wayne, yule bingwa wa filamu za wachunga ng’ombe, alimwigiza Genghis Khan wa Wamongolia katika The Conqueror. Miaka michache baadaye John Wayne huyo huyo alikuja kwetu Tanganyika kutengeneza Hatari!, iliyotolewa mwaka 1962: filamu yenye jina la Kiswahili, iliyopigwa katika nchi ya Arusha, na wenyeji wakabaki nyuma ya magari wasio na majina ya kukumbukwa. Mwaka 1968 Peter Sellers alipaka uso rangi akawa Mhindi wa kuchekesha katika The Party. Mwaka 1984 Alec Guinness, Mwingereza aliyeheshimika sana, alikuwa Mbrahmini katika A Passage to India, ingawa India yenyewe ilikuwa na waigizaji wasiohesabika. Na asiseme mtu kwamba hayo yalizikwa na karne iliyopita. Mwaka 2017 sehemu kuu ya Ghost in the Shell, hadithi iliyotungwa Japani, alipewa Scarlett Johansson. Ilibidi dunia ingoje hadi mwaka 2023 ndipo Michelle Yeoh, mzaliwa wa Malaysia, apewe Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Tangu tuzo ya Rainer ilikuwa imepita miaka zaidi ya themanini.

Vijana wa vibanda vya video wa Mbinga na Mbamba Bay wanamjua Bruce Lee. Wanajua alivyosimama, alivyopiga ukelele, alivyopangusa pua kwa kidole gumba. Lakini ni wachache wanaojua kwamba mwaka 1972 televisheni ya Marekani ilipoanza kuonyesha mfululizo wa Kung Fu, hadithi ya mtawa wa Shaolin mwenye damu ya Kichina, Bruce Lee alikuwa miongoni mwa waliofikiriwa, na sehemu hiyo akapewa David Carradine, asiye na asili ya Kichina. Bruce Lee alikwisha kurudi Hong Kong ili aonekane. Sisi tuliompenda hapa Afrika tulimpenda kwa filamu alizotengeneza baada ya kunyimwa nafasi kwao.

Hapo mwanafunzi mwerevu, na Umatengo haijapungukiwa nao, atauliza: haya ya Wachina na Wahindi yatuhusu nini? Yatuhusu sana, maana sisi nasi tumekwisha kuigizwa na wengine. Mwaka 1946 ilitolewa filamu ya Kiingereza Men of Two Worlds, iliyoongozwa na Thorold Dickinson. Hadithi yake ni ya Tanganyika. Kisenga, mwanamuziki Mtanganyika aliyesoma Uingereza, anarudi kijijini kumsaidia bwana shauri kuwahamisha watu wake kwa ajili ya ugonjwa wa malale, na mganga wa kijiji anampinga. Basi Kisenga aliigizwa na Robert Adams wa Guyana. Mganga Magole aliigizwa na Orlando Martins wa Nigeria. Picha za mandhari zilichukuliwa Tanganyika, kijiji chenyewe kikajengwa studioni Uingereza. Hatuwalaumu mabwana wale wawili. Wao nao walikuwa wamenyimwa sehemu nyingine nyingi, na walifanya kazi yao kwa heshima. Tunachosema ni kwamba Mtanganyika alitakiwa kwa mandhari yake, si kwa sauti yake. Mlima ulikuwa wetu, mdomo ukawa wa mtu mwingine.

Sasa tuje kwenye hoja inayotolewa daima dhidi yetu, ambayo ni nzito na haifai kupuuzwa. Wanasema: kuigiza ni kuwa mtu mwingine. Kama kila mtu ataigiza kabila lake tu, sanaa imekufa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alitafsiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, na wanafunzi wetu wa kusini wamekuwa Bruto na Kasio bila kuwa Warumi. Je, nao wana hatia?

Tujibu kwa utulivu. Kwanza, hakuna Mrumi aliyekosa mkate kwa sababu kijana wa Kimatengo alimwigiza Bruto. Pili, na hili ndilo kubwa, kijana yule hakupakwa unga. Alisimama na uso wake aliopewa na Mungu, akavaa shuka, akasema maneno kwa Kiswahili sanifu, na sisi watazamaji tukamwona Mmatengo anayefikiri kama Bruto. Uso wake haukumtukana mtu. Lakini tulipomwigiza jirani yetu wa Songea, ambaye tumekula dukani mwake na kukopa kwake sukari, tulitafuta unga. Bruto wa mbali tulimpa akili. Jirani wa karibu tulimpa tumbo la mto.

Mfano mwingine tunao hapo chini, mwambao wa Nyasa. Wanaume wa Liuli na Mbamba Bay wamecheza mganda tangu baada ya vita vya kwanza vya dunia: kaptula nyeupe, soksi ndefu, kofia, hatua za gwaride, vyeo vya kingi na kapteni. Wavuvi wanaigiza maofisa wa Kizungu. Je, huo nao ni unga? Tumelijadili jambo hili na wenzetu mara nyingi, na kuna walimu wanaoudharau mganda kwa kusema ni kasumba, kuiga mabwana. Sisi hatukubaliani nao. Mchezaji wa mganda hapaki uso chokaa. Kila mtazamaji anajua kwamba yule kapteni ni mvuvi fulani na kwamba usiku atakwenda ziwani. Mnyonge anapovaa kofia ya mwenye nguvu anaipima kofia ile, anaionyesha kwamba hata yeye inamkaa. Mwenye nguvu anapovaa uso wa mnyonge huwa hapimi kitu. Anauchukua uso, anauchukua na mshahara wa mwenye uso, na mnyonge hana jukwaa jingine la kwenda kusema “huyo si mimi”. Ofisa wa Kizungu hakupoteza cheo chake kwa sababu ya mganda. Anna May Wong alipoteza sehemu ya maisha yake kwa sababu ya The Good Earth.

Kuna unga mwingine usioonekana, nao ni wa jina. Mwaka 1946 alizaliwa Zanzibar mtoto wa Kiparsi aitwaye Farrokh Bulsara. Alisoma India katika shule ya bweni, akarejea Zanzibar mwaka 1963, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ikahamia Uingereza. Huko akawa Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen, mmoja wa watu mashuhuri kuliko wote waliopata kuzaliwa katika visiwa vyetu. Alifariki mwaka 1991, na kwa miaka mingi mashabiki wengi hawakujua kwamba walikuwa wakimshangilia Mwasia. Filamu ya maisha yake, Bohemian Rhapsody, ilitolewa mwaka 2018. Aliyemwigiza ni Rami Malek, Mmarekani ambaye wazazi wake walitoka Misri, na mwaka 2019 alipata Oscar. Malek alifanya kazi kubwa, wala yeye si Mzungu aliyepakwa rangi. Hata hivyo Mparsi hakuonekana kustahili kumwigiza Mparsi maarufu kuliko wote duniani, na hadithi yenyewe inaanzia kijana akiwa London. Zanzibar yatajwa kwa maneno, haikanyagwi.

Mwangalie na Ben Kingsley, aliyepata Oscar kwa kumwigiza Gandhi katika filamu ya mwaka 1982. Alizaliwa Uingereza mwaka 1943 akaitwa Krishna Bhanji. Baba yake alizaliwa Kenya, katika ukoo wa Kigujarati uliofanya biashara Zanzibar. Alipoanza kutafuta kazi ya uigizaji alibadili jina, kwa kuhofia kwamba jina la Kihindi lingemfungia milango. Ajabu ni kwamba mlango mkubwa uliokuja kufunguka ulikuwa wa Mhindi, naye aliuingia kwa jina la Kiingereza. Tukisema hivi hatumkejeli. Mtu hujivua jina la baba yake pale tu anapoona kwamba jina hilo linamnyima chakula.

Turudi nyumbani, maana huko ndiko kwenye aibu yetu. Watu wa pwani, Unguja na Dar es Salaam, walikwisha kuijua sura ya Kihindi kwenye pazia la senema tangu zamani. Walilia na Raj Kapoor katika Awaara ya mwaka 1951, wakalia tena na Mother India ya 1957, na waimbaji wa taarabu wakachota tuni huko bila haya. Kwenye pazia Mhindi alikuwa mpenzi, mama, fukara, shujaa. Lakini watu hao hao walipotoka senema wakaanza kutunga vichekesho vyao, na baadaye televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, Mhindi wa vichekesho akarudi kuwa mtu mmoja yule yule: yuko nyuma ya kaunta, anahesabu, anapiga kelele, hajui Kiswahili. Hana mama. Hana huzuni. Hajawahi kumzika mtu. Ni kana kwamba nchi hii haijapata kuwa na Sophia Mustafa, aliyechaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria katika uchaguzi wa 1958, au Amir Jamal, aliyeshika fedha za taifa kwa miaka mingi na ambaye hakuna aliyemwita mlaghai.

Oktoba 1961, katika mjadala wa sheria ya uraia, Mwalimu Nyerere alikataa katakata uraia upimwe kwa rangi ya ngozi. Mwaka uliofuata aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akataka yaliyo mema ya makabila yote yakusanywe yawe mali ya taifa. Sisi twauliza: katika “yote” hayo, mtoto wa Kihindi aliyezaliwa Songea yumo au hayumo? Kama yumo, mbona kwenye jukwaa la taifa anaingia kwa mlango wa unga? Tunayo Sheria Na. 4 ya mwaka 1976 ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, iliyoweka utaratibu wa ukaguzi. Wakaguzi wana macho makali juu ya nguo fupi. Tungependa wayatumie macho hayo na kwingine.

Na asifikiri Mmatengo kwamba yeye yuko salama. Unga huo huo humwangukia. Tazameni vichekesho vya mjini: mfanyakazi wa ndani anatoka wapi? Mlinzi wa geti anatoka wapi? Anatoka “bara”, “milimani”, “kwao huko”, anazungumza Kiswahili kilichopinda, anaogopa lifti, na anayemwigiza ni kijana wa mjini ambaye hajapata kuona ngolo hata moja, hajui kwamba mashimo yale ya mteremkoni ni elimu ya kilimo ambayo wataalamu wamekuja kutoka nchi za mbali kuisoma. Tumewaona wanafunzi wetu wakirudi likizo kutoka mjini wakiona haya kusalimia bibi zao kwa Kimatengo. Tusiwakemee wao kwanza. Wamejiona kwenye televisheni, wakakimbia.

Njia nyingine ipo, na imekwisha kuonyeshwa hapa hapa. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N’kuvute, yasimulia Zanzibar ya miaka ya 1950, na mtu wake mkuu ni Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee. Amil Shivji alipoifanya filamu, iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, Yasmin aliigizwa na Ikhlas Gafur Vora. Hapakuwa na unga. Palikuwa na msichana mwenye hasira, hofu na mapenzi, anayesema Kiswahili kwa sababu ni lugha yake. Tuliitazama tukatambua ni kitu gani tulichomnyima mgeni wetu wa mstari wa mbele: haki ya kuwa mbaya au mwema kwa namna yake mwenyewe. Maana hatusemi Mhindi asiigizwe kuwa mlaghai. Walaghai wapo katika kila ukoo, na wazee wa milima hii waliokopwa kahawa yao wakangoja malipo misimu na misimu wanajua kwamba waliowakopa walikuwa na sura kama zetu. Mizani ya mchezo wetu tulimtwisha mtu asiyekuwapo.

Ndugu walimu, mwaka uliofuata tuliuandika mchezo upya. Mfanyabiashara mlaghai akawa karani wa hapa hapa kijijini, mwenye jina la ukoo unaojulikana kila kitongoji, jambo lililotuletea lawama zetu wenyewe ambazo si mahali pake hapa. Mhindi alibaki, ila sasa alikuwa mwenye duka la Songea anayefungua mlango usiku wa mvua ili mkulima apate dawa ya mtoto kwa mkopo, kisha anadai deni lake kwa ukali kama mdai yeyote. Kijana wa kidato cha tatu aliyepewa sehemu hiyo hakupakwa kitu. Alivaa shati jeupe na miwani, akasema Kiswahili kilichonyooka. Tulikuwa tumefanya mazoezi wiki sita.

Siku ya mahafali watu walitazama kimya, wengine wakafuta macho pale kwenye mlango wa duka. Mchezo ulipokwisha tulitoka nje kupunga upepo, tukiwa na furaha. Mzee mmoja, mkulima tunayemheshimu, ambaye mjukuu wake alikuwa miongoni mwa wahitimu, alitushika mkono. Alisema mchezo ulikuwa mzuri, mzuri sana. Kisha akainama karibu, kama mtu asiyetaka kutuaibisha mbele ya wageni, akauliza kwa sauti ya chini: “Lakini walimu, mbona Mhindi hakutokea?”